Bushi Mbichi

Siku Bwana Manunuzi alipokuja kukagua karakana ya Fundi Moto, nyumba iliamka ikaoshwa utadhani inangoja wachumba. Ua ulifagiliwa, ukafagiliwa tena. Viti vya plastiki viliazimwa kwa jirani, vya kwao vikafichwa nyuma ya tangi la maji, maana kimoja kilikuwa na mguu ulioungwa kwa waya. Hata mashine ya kubania mpira, ambayo tangu izaliwe haijui sabuni, ilisuguliwa ikatoa rangi ya kijani, na Fundi Moto mwenyewe akashangaa kwamba kumbe ilikuwa ya kijani.

Karakana ilikuwa pembeni mwa nyumba, chini ya mabati, mlango kwa mlango na jiko. Hapo walitengeneza bushi, zile pete nene za mpira zinazokaa kwenye mkono wa gurudumu la mbele ili chuma kisigongane na chuma. Kiwanda kikubwa cha kuunganisha mabasi madogo kilikuwa kimechoka kuagiza bushi kutoka mbali. Kikatangaza kwamba kitainua karakana ndogo za jirani mpaka ziweze kukiuzia vipuri, kikamleta na Mkufunzi, mama mmoja mpole wa maneno lakini mgumu wa macho, azunguke mtaani kufundisha. Wengi walianza naye. Wa vibano vya chuma alitolewa, wa nyaya akatolewa, wa viti akajitoa mwenyewe akidai hawezi kufundishwa kazi ya baba yake. Fundi Moto alikuwa amebaki, na leo kulikuwa na mkataba wa mwaka mzima kwenye mkoba wa mtu.

Mkewe aliitwa Kipimo, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Mama mkwe ndiye aliyempachika, tangu Mkufunzi amteue kuwa mkaguzi wa karakana, amfundishe kusoma joto la mashine na kupima kila bushi inayotoka. "Mwanamke anampimia mumewe kazi!" bibi alikuwa akisema, akipiga makofi ya mshangao. "Bado kunipimia mimi pumzi." Kipimo alicheka kwa sababu kucheka kulikuwa rahisi kuliko kujibu. Lakini alijua kwamba cherehani yake ilikuwa imeuzwa kununua mpira ghafi wa mzigo huu, na kwamba mkataba ukikwama, watarudi kulekule kufuma mikeka ya miguuni ya magari na kuipitisha madirishani penye foleni. Alikuwa ameyafanya hayo. Madereva walikuwa wakimpandishia kioo kabla hajafungua mdomo.

Asubuhi hiyo aliishiwa sukari. Alijifunga kanga akatoka mbio dukani, akimwacha mama mkwe amalizie kupanga. Aliporudi, gari jeupe lilikuwa limeshasimama getini, na nyuma yake lori dogo la kiwanda limekuja kuchukua mzigo. Ikabidi aingilie mlango wa jikoni, ajipanguse jasho, atokee kwa wageni akiwa na tabasamu la mtu aliyekuwa ndani siku zote.

*

Bwana Manunuzi alikuwa mtu wa shati lililonyooka. Alipokaribishwa kiti alitoa leso, akakifuta, akakitazama tena, kisha akaamua kusimama. Fundi Moto akacheka kicheko cha kujipendekeza ambacho mkewe hakuwahi kukisikia.

"Karibu mzee, hapa ndipo kwetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Kijana, umeme wenu huu hauwachezei?" Bwana Manunuzi aliuliza huku akizitazama nyaya juu ya mashine. Fundi Moto alikuwa na mvi kidevuni, lakini leo alikuwa kijana.

"Unacheza, mzee, ila tumeshauzoea."

Kipimo aliinamisha macho. Juzi tu umeme ulikuwa umeyumba mashine ikiwa kazini. Mshale wa joto ulishuka, akamwambia mumewe asimamishe. Mumewe akamjibu, "Chuma kina moto wake, mama. Hakipoi kwa kukonyezwa," akaendelea kubana. Bushi zilizotoka saa ile zilikuwa nyeusi, laini, nzuri kuliko hata wenzao. Lakini mpira hupikwa. Usipopata moto wake, juu huiva na ndani hubaki mbichi, na gari likianza kupiga mashimo, bushi mbichi hupasuka. Kipimo hakubishana. Alizitia zote alama ya chaki nyeupe akazitupa kwenye sanduku jekundu.

Sanduku hilo aliliweka Mkufunzi katikati ya karakana. Kila bushi yenye shaka iingie humo, alisema, na ikae hapohapo penye macho ya watu, ili tujue tumeharibu nini na kwa nini. Neno hilo lilimshinda mama mkwe. Alikuwa amelea watoto saba kwa kufunika mabaya na kutandika mazuri, na sasa anaambiwa kitu kikiharibika nyumbani kwake kianikwe sebuleni.

Mkufunzi alilifuata sanduku moja kwa moja, kabla ya kitu kingine chochote. Alifunua. Lilikuwa tupu, limeoshwa, linanukia sabuni.

"Fundi," alisema taratibu, "mbona halina kitu?"

Kipimo aliona mumewe akilitazama sanduku, kisha akitazama mlango wa jikoni, ambako upande wa kanga ya mama yake ulionekana ukipita. Akaelewa kwamba mumewe ameelewa: mama kasafisha, mama katupa jalalani. Nini kibaya? Zilikuwa za kutupwa.

"Hatukuharibu, mwalimu," Fundi Moto akasema.

"Mwezi mzima?"

"Mwalimu, si wewe uliyetufundisha? Mkono umeshakaa sawa."

"Hata moja, Fundi?"

"Hata moja."

Mkufunzi akamgeukia Kipimo. Kipimo akafungua mdomo, mumewe akamkata jicho, na mdomo ukafungika. Kumuumbua mume mbele ya wageni kwa ajili ya takataka zilizokwisha kutupwa, hapana. Akasema ngoja alete chai.

Bwana Manunuzi, kinyume cha Mkufunzi, alifurahi. "Nilimwambia bosi karakana hizi za uani ni kupoteza muda," alisema. "Naona nilikosea kidogo." Akachomoa mkataba, akautandaza juu ya kreti la bushi kwa kuwa meza haikuwepo, akamwita dereva wa lori asogee.

*

Jikoni, mama mkwe alikuwa akipanga vikombe kwenye sinia, uso umemnawiri.

"Wamependa?" aliuliza.

"Wamependa, mama. Ila zile za sanduku umezitupa wapi? Mkufunzi akiuliza tena angalau niwe na la kusema."

"Nitupe?" Bibi alimtazama kama aliyetukanwa. "Mimi ni mtu wa kutupa vitu? Mpira ule umeuziwa cherehani, halafu nitupe! Nimezitazama moja moja, mkwe wangu. Nzima kabisa. Hazina ufa, hazina kovu. Nimezifuta hiyo michaki yako, nikazirudisha kwa wenzao."

Kipimo aliliweka sinia chini.

"Kwa wenzao wapi, mama?"

"Kwenye kreti, wapi tena? Na nikapitisha kitambaa chenye mafuta juu ya zote, zing'ae sawa. Chema chajiuza." Akasubiri ashukuriwe. Hakushukuriwa. "Sasa unanitolea macho ya nini?"

"Mama, zile ni mbichi ndani."

"Wewe umeingia ndani ukaona?"

Hakuwa ameingia. Aliona mshale tu ukishuka, na hakuna mwingine aliyeutazama. Kipimo alisimama katikati ya jiko. Hizo bushi ziko humo kwenye kreti, zimechanganyika, zimepakwa mafuta, na yeye mwenyewe aliyezikataa hawezi tena kuzitofautisha. Akasikia injini ya lori likirudi kinyumenyume uani.

"Mwanangu," bibi akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "wacha watu wapate riziki. Nani atajua?"

Swali hilo ndilo lililomtisha, kwa sababu jibu lake alilijua. Hakuna. Bushi itapasuka mbali huko, barabarani, basi limejaa watu, na dereva atalaumiwa kwa mwendo.

*

Alitoka bila sinia. Dereva wa lori alikuwa ameshika ncha moja ya kreti, Fundi Moto ameshika nyingine, na Bwana Manunuzi ameinua mkataba kuwapisha, kalamu mdomoni.

"Baba watoto, njoo kidogo," Kipimo aliita.

"Nakuja."

"Njoo sasa."

"Chai iko wapi?" Fundi Moto alisema kwa sauti ya kuchekesha wageni. "Mzee, wake zetu hawa, sukari ikiisha ni kikao cha dharura." Bwana Manunuzi akacheka. Dereva akacheka. Mkufunzi hakucheka.

"Baba watoto, nakuomba. Neno moja."

"Mgeni hapewi mgongo, mama. Baadaye." Na alimtazama kwa jicho lililosema usinifanyie hivi, si leo.

Hapo Kipimo alimwonea huruma mumewe. Alimwona jinsi alivyovaa shati la harusini, jinsi alivyokubali kuitwa kijana. Angetoa chochote ili neno lile alibebe mtu mwingine. Hakuwepo.

"Msipakie," alisema. "Humo mna bushi mbichi."

Kreti likabaki hewani. Dereva alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, mwisho akaamua kulishusha upande wake, na Fundi Moto ikabidi ashushe wake.

"Anasema nini?" Bwana Manunuzi akauliza, akimwuliza Fundi, si yeye.

"Hata sijui. Mama watoto, unasema nini?"

"Za juzi, umeme ulipoyumba. Nilizikataa nikazitia sandukuni. Zimerudishwa kwenye kreti kwa bahati mbaya, na chaki imefutwa."

"Na nani?"

Kipimo alisikia kanga ikisugua mlango nyuma yake. "Na nyumba hii," alijibu.

Bwana Manunuzi alimgeukia Fundi Moto polepole. "Umeniambia hamkuharibu hata moja. Nimesimama hapa nimekusikia."

 Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Fundi Moto ilikuwa fupi mno, hata kikombe kimoja cha chai haikufika. Alitazama chini, na shingo yake ikapiga weusi wa aibu.

"Si mna kile kifaa cha kupima ugumu?" Bwana Manunuzi akamwuliza Mkufunzi. "Pimeni, toeni mbovu, tuondoke. Nina safari nyingine."

"Kinapima juu," Mkufunzi alisema. "Hizi juu zimeiva. Ubichi uko ndani."

"Kwa hiyo?"

Mkufunzi hakumjibu yeye. Alimtazama Kipimo, akangoja. Kipimo alijua anangojewa aseme nini, na alitamani afe kabla hajalisema.

"Kwa hiyo zikatwe," alisema. "Zote."

"Zote!" Fundi Moto aliruka. "Kreti zima? Kazi ya mwezi? Una wazimu, wewe?"

"Hatuwezi kuzijua bila kuzikata."

"Na ukikata, nzima nazo zimekufa!"

"Najua."

Bwana Manunuzi alikunja mkataba mara mbili, akaurudisha mkobani, akafunga zipu. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. "Lori linaondoka tupu," alimwambia Mkufunzi. "Hawa ni watu wako. Ukiwa na la kuniambia, utaniambia ofisini." Akampita Fundi Moto bila kumpa mkono, akaingia garini, na vumbi la getini likarudi juu ya vile viti vya kuazima.

*

Walikata mchana kutwa. Mkufunzi alivuta kiti chenye mguu wa waya kutoka nyuma ya tangi, akakikalia bila kukifuta, akasema utaratibu unamtaka ashuhudie. Fundi Moto alivua shati, akalitundika kwenye mashine, akachukua kisu cha kukatia mpira. Hakumpa mkewe kisu. Alimpa mgongo.

"Ungeniita pembeni," alisema.

"Nilikuita."

Akakata. Bushi iligawanyika vipande viwili, na ndani yake palikuwa peusi, pakavu, pamekazana. "Nzima," alisema, akaitupa chini. Akakata nyingine. "Nzima hii." Akakata nyingine. Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini, mikono mapajani, na kila neno nzima lilipotamkwa aliinua uso akamtazama mkaza mwana wake.  

Lundo lilikua. Nzima, nzima, nzima. Mkono wa Fundi Moto uliota lengelenge, akaendelea, na sauti yake ikaanza kuwa na kicheko kibaya ndani yake. "Mnaona? Tumejichinja wenyewe. Mkataba umekwenda, mzigo umekwenda, na hakuna hata moja. Nzima! Mwalimu, shuhudia, nzima!"

Kipimo alianza kuingiwa na hofu ambayo hakuitegemea. Je, mshale ulidanganya? Je, chuma kweli kilikuwa na moto wake, kama mume alivyosema? Aliziokota zilizokatwa, akazibonyeza moja moja kwa kidole gumba, akitafuta ulaini, na akajikuta anaomba Mungu bushi zao ziwe mbovu. Hakuna mtu aliyewahi kuomba dua ya namna hiyo. Kama hakuna mbichi humo, basi yeye ndiye aliyeivunja nyumba hii, mchana kweupe, mbele ya watu, kwa mdomo wake, na mama mkwe atakuwa na wimbo wa kuimba mpaka kaburini.

Kreti lilikuwa limepita nusu kisu kilipozama tofauti. Fundi Moto alikuwa ameshafungua mdomo kusema nzima. Hakusema. Alivitenganisha vile vipande viwili, na vilivutana kidogo kabla ya kuachana. Akatia kidole gumba katikati. Kidole kikazama, kikatoka kinanata.

Hakumtazama mkewe. Alinyanyuka akampelekea mama yake kipande kile, akamwekea kiganjani. Bibi alikibonyeza, akanusa kidole, akakibonyeza tena.

"Hii ndiyo ile niliyoifuta?" aliuliza.

"Moja ya zile, mama."

"Mbona juu ilikuwa nzuri hivi?"

 Alikaa nacho mkononi. "Basi likiwa limejaa watu," alisema, lakini hakumalizia. Kisha bibi akanyanyuka kwa tabu, akaingia jikoni, akatoka na kisu chake cha mboga na kigoda, akaketi upande wa pili wa kreti.

"Si kwa kisu hicho, mama," Kipimo alisema.

"Niache. Nitajifunza."

Mkufunzi alifuta uso kwa mkono wa shati. Alisema atakwenda ofisini kesho na kusema alichokiona, chote, uongo wa asubuhi na ukweli wa mchana, ila hataki kumdanganya mtu: Bwana Manunuzi akishafunga mkoba hafungui kirahisi. Fundi Moto alisema amesikia. Alisema pia, bila kuinua kichwa, "Samahani, mwalimu, kwa lile la asubuhi." Na Mkufunzi akasema haya.

Kipimo naye akaleta kisu, wakazikata watatu zilizobaki. Mbichi zilitoka hapa na pale, nyuma ya nzima nyingi, na hakuna aliyefurahi kuziona isipokuwa Kipimo, ambaye naye furaha yake ilimwaibisha. Kisu cha bibi kiliteleza mara kwa mara, akalaani mafuta aliyoyapaka mwenyewe.

"Kesho," Fundi Moto akasema ghafla, "ukiona mshale umeshuka, usinambie. Zima mashine."

Kipimo alidhani hakusikia vizuri. "Hata ukiwa umesimama hapo?"

"Hata nikikukataza."

"Na nikizima ukanigombeza?"

"Nitagombeza. Wewe zima."

Kipimo aliyatazama mabati, mashine ya kijani, mpira ghafi uliobaki pembeni, kipande kisichotosha hata kazi ya siku tatu. "Na lori lisiporudi je?" aliuliza. "Tunapika kwa ajili ya nani?"

 Mumewe alichukua bushi nyingine kretini, akaikata katikati, akamnyooshea vipande vyote viwili mkewe, akangoja amwambie.